Uzi: Kwa wanafunzi wanaokwenda Senegali, kaeni na familia na anzeni na Kiwolofu

BintiTanga (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajamvi, salaam kwenu nyote.

Nimekuwa nikiulizwa mara kwa mara, hasa na vijana wanaosoma Kifaransa katika vyuo vyetu, juu ya maisha ya mwanafunzi wa Kitanzania mjini Dakar, na kila ninapojibu faraghani najikuta narudia mambo yale yale. Kwa hiyo nimeona niyaandike hapa kwa kirefu ili yamfae na yule ambaye hajapata wa kumuuliza. Nilikaa Dakar mwaka mmoja wa masomo, nikisoma Kifaransa katika taasisi ya wanafunzi wageni iliyomo ndani ya Chuo Kikuu cha Cheikh Anta Diop, na muda wote huo niliishi na familia moja ya mtaa wa Ouakam. Hoja yangu ni moja na niko tayari kuitetea: mwanafunzi anayekwenda kule asikimbilie bweni wala chumba cha kupanga peke yake. Atafute familia, akae humo kama mtoto wa nyumba, na lugha ya kwanza atakayoishughulikia iwe Kiwolofu, hata kama karatasi zake zote zinasema amekwenda kujifunza Kifaransa.

Nianze na lugha. Kifaransa ndiyo lugha rasmi ya Senegali tangu nchi ilipopata uhuru mwaka 1960, na ndicho kinachotawala mahakamani, magazetini na darasani. Lakini ukitoka nje ya lango la chuo ukapanda basi, utasikia Kiwolofu. Ukishuka Soumbédioune kununua samaki jioni, ni Kiwolofu. Na ukiingia nyumbani, hata kama familia ni ya Waserere au ya Wafulani, watoto waliozaliwa Dakar watakuwa wanagombana kwa Kiwolofu. Mgeni asiyejua neno lolote la lugha hiyo hutendewa kwa heshima kubwa, na watu huhamia Kifaransa kwa ajili yake, lakini wakihama mazungumzo hupungua, na baada ya muda mfupi wanarudi walikokuwa naye anabaki anatabasamu tu.

Jambo ambalo wanafunzi wetu hawaelezwi ni kwamba Kifaransa chenyewe hunufaika na Kiwolofu. Baba wa nyumba niliyokaa alikuwa mwalimu mstaafu, na miezi ya mwanzo Kifaransa chake kwangu kilikuwa cha kuulizia afya na chakula. Nilipoanza kusalimia vizuri kwa Kiwolofu, kumuuliza habari za ndugu zake mmoja mmoja na kujibu mzaha wa wajukuu, aliniona kuwa mtu wa kuzungumza naye. Tangu hapo kila jioni alinieleza siasa, kilimo cha karanga na enzi za Rais Senghor kwa Kifaransa kilichonyooka, akinisahihisha bila kunikatisha. Nilichokipata kwenye kile kiti cha ubavuni mwake hakipatikani kwa ada yoyote.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya ghorofa, yenye paa la zege la kuanikia nguo, na juu ya paa hilo walifungwa kondoo waliokuwa wakinenepeshwa kungojea Tabaski, yaani Idi ya kuchinja. Walioishi humo ni baba na mama, watoto wao wakubwa, mmoja wao akiwa na mke na watoto wadogo, mpwa aliyeletwa kutoka Kaolack kuja kusoma sekondari, na msichana wa kazi aliyetoka upande wa Waserere. Mtu aliyekulia Tanga, Bagamoyo au Ujiji hatashangazwa na wingi huo. Kitakachomshangaza ni kwamba hakuna anayeachwa peke yake. Ukijifungia chumbani saa nzima, mtu atagonga kuuliza kama unaumwa. Ukisema unasoma, atakuletea chai, kisha atakaa hapo hapo.

Sasa nije kwenye chakula cha mchana, kwa sababu humo ndimo mwanafunzi anamofanywa mwenyeji au anamobaki mgeni. Chakula kikuu ni ceebu jën, wali wa samaki, ambao maarifa yake yaliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu usioshikika mwaka 2021. Hupikwa kwa chenga za mchele, mazoea yaliyoenea wakati wa ukoloni, Wafaransa walipoihimiza Senegali kulima karanga za kuuza nje huku wakiingiza chenga kutoka Indochina. Samaki hutobolewa na kujazwa kitunguu saumu, pilipili na majani ya kunukia yaliyotwangwa pamoja. Mchuzi huwa wa nyanya, mboga ni karoti, muhogo, kabichi na biringani, na kando huwekwa ukwaju. Saa nane au tisa mchana mkeka unatandikwa, bakuli moja pana linawekwa katikati, na watu wanakaa kulizunguka, wengine kwa mkono wa kulia na wengine kwa kijiko.

Samaki na mboga zote huwa katikati ya bakuli, na hakuna anayenyoosha mkono kujichukulia. Mama ndiye anayemega. Anakata mnofu kwa ncha za vidole, anautupa mbele ya huyu, kisha kipande cha muhogo mbele ya yule, kisha karoti mbele ya mtoto, na kila mtu anakula eneo lililo mbele yake bila kuvuka mpaka. Watoto wadogo hufundishwa kushika ukingo wa bakuli kwa mkono wa kushoto ili lisicheze. Siku za mwanzo sehemu yangu ilikuwa inarundikwa minofu kuliko ya mtu mwingine yeyote, na ndiyo dalili ya ugeni. Baadaye rundo likapungua likawa sawa na la mabinti wengine wa nyumba, na ukoko, ambao nao wanaupenda kama tunavyoupenda sisi, nikawa napewa kwa zamu. Ukishiba unasema umeshiba, nao wote watakuhimiza uendelee, na unaweza kuondoka bila kungoja wengine. Sisi wa pwani tunakula sinia moja, lakini mkono mmoja unaogawia wote sijauona kwetu.

Baada ya chakula ni attaya. Vijana wanawasha jiko dogo la mkaa, wanachemsha majani ya chai ya kijani kutoka China, na wanaimimina kutoka glasi hadi glasi kwa urefu mpaka ifanye povu. Inanywewa mara tatu: ya kwanza chungu, ya pili ina sukari na nanaa, ya tatu tamu kabisa, na kati ya moja na nyingine panapita muda mrefu ambao kazi yake ni mazungumzo. Kiwolofu changu nilikipatia hapo. Mwanafunzi anayeiona attaya kuwa ni kupoteza muda na kukimbilia daftari lake amekimbia darasa.

Nitaendelea na suala la majina na utani, kisha nitajibu maswali.

BintiTanga

Naendelea.

Wiki ile ile niliyofika, baba alitangaza mbele ya watu kwamba mimi sasa ni Ndiaye, kwa sababu ndilo jina la ukoo wake. Kabla sijaelewa maana yake, muuza duka wa jirani, ambaye ni Diop, alinigeukia akaniambia kwamba akina Ndiaye ni walafi wa wali na kwamba asili yetu sisi ni watumwa wao. Waliokuwepo walicheka na kunitazama nitajibu nini. Mtanzania yeyote anajua amesimama wapi hapo, kwa sababu huo ni utani, ule ule wa Wangoni na Wahehe au wa Wazaramo na Wanyamwezi, ila wao wameufunga kwenye majina ya koo. Nikamjibu kwamba Diop ndiye anayenuka wali, na kuanzia siku hiyo hakuna mtu wa mtaa ule aliyeniita tena mgeni.

Nalisisitiza hili kwa sababu wanafunzi wa Ulaya na Marekani niliosoma nao walitatizika nalo sana, wengine wakadhani wametukanwa. Sisi tuna urithi unaotufungulia mlango ambao wengine wanaugonga kwa miezi. Sioni kwa nini mwanafunzi wa Kitanzania aende kujificha bwenini wakati amebeba ufunguo mfukoni.

Karibuni kwa maswali na kwa michango yenu.

Mzee wa Kigoma

Binti, nimesoma kwa makini na nakupongeza kwa kuandika kwa utaratibu. Nina mjukuu anayesoma Kifaransa, naye anatamani kwenda huko. Wasiwasi wangu ni masomo. Katika nyumba yenye watu wengi hivyo, yenye chai isiyokwisha na wageni wasiokatika, kijana anasoma saa ngapi? Pili, je, msichana ana usalama gani katika nyumba ya watu asiowajua?

Mganga wa Mifugo (Bujumbura)

Dada, naheshimu uzoefu wako lakini nina maoni tofauti kidogo. Mimi ni Mrundi na nilisoma Dakar katika shule ya mataifa ya tiba ya mifugo, ile iliyoanzishwa mwaka 1968 na ambayo Burundi na Rwanda zimo kati ya nchi wanachama. Niliishi makazi ya wanafunzi miaka yote, na jirani zangu walitoka Niger, Burkina Faso, Togo, Chad na Kamerun. Kwa kuwa hatukuwa na lugha nyingine ya kuelewana, Kifaransa kilitulazimu usiku na mchana, na leo nina marafiki wa kazi katika nusu ya Afrika Magharibi. Kiwolofu nilijifunza cha sokoni tu, na sikuona hasara. Katika familia ungenipa Senegali peke yake. Bweni lilinipa bara zima. Vilevile masomo ya sayansi yanahitaji ukimya, na maabara haingoji mtu amalize glasi ya tatu.

BintiTanga

Shikamoo mzee wangu wa Kigoma. Masomo yanawezekana, lakini si kwa ratiba ya mtu anayeishi peke yake. Nyumba ile ilikuwa kimya alfajiri baada ya swala na baada ya saa nne usiku, na mimi nilisoma alfajiri. Mchana nilibaki maktaba ya chuo siku zenye mtihani, nikiwa nimemwambia mama mapema kwamba sitakula nyumbani, kwa sababu kutomwambia maana yake ni samaki kupikwa kwa hesabu yako na bakuli kungoja. Kuhusu usalama, mjukuu wako asijitafutie familia mtandaoni. Apitie chuo kinachompokea au mtu anayeijua familia hiyo kwa miaka, awe na chumba chenye kufuli, na kabla ya kuhama azungumze na mwanafunzi aliyekaa humo kabla yake. Familia yenye heshima haichukizwi na maswali hayo.

Kaka wa Bujumbura, hoja yako ina uzito na siipingi kwa mtu wa kozi ndefu ya sayansi, tena aliyekwenda akiwa na Kifaransa tayari, kama walivyo Warundi wengi waliosoma kwa lugha hiyo. Mimi nawasemea wanaotoka kwetu, ambao Kifaransa chao ni cha vitabuni na muda wao ni mwaka mmoja au pungufu. Huyo akiwekwa bwenini atatafuta wanaojua Kiingereza, na atawapata. Vilevile bweni si makao ya uhakika. Mwanzoni mwa Juni 2023, baada ya ghasia za kisiasa mjini Dakar, masomo ya ana kwa ana yalisitishwa chuo kikuu na wanafunzi wakatakiwa kuondoka mabwenini. Mwenye ndugu alikwenda kwa nduguye. Mwanafunzi mgeni aliyekuwa na baba na mama mtaani alikuwa na pa kwenda siku hiyo hiyo.

Mama wa Malindi, Unguja

Wanangu, mimi naandika kwa upande wa pili. Nimepokea wanafunzi nyumbani kwangu Mji Mkongwe kwa miaka mingi, wanaokuja kujifunza Kiswahili. TAKILUKI, yaani Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, ilianzishwa mwaka 1978, na sasa imo ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na nyumba nyingi za mjini zimelea watoto wa namna hiyo. Nayasema haya ili mtakaokwenda kukaa kwa wenzetu mjue mama wa nyumba anafikiri nini.

La kwanza ni fedha. Chuo kinapotulipa, fedha hiyo ni ya chakula na maji na umeme, nayo tunaihitaji, wala si aibu kuitaja. Linaloudhi ni mwanafunzi anayeona kwamba kwa kuwa amelipa basi amekuja hotelini. La pili ni habari. Mimi simfungii mtu mlango, lakini akitoka nataka kujua amekwenda wapi na atarudi saa ngapi, kwa sababu akipata homa usiku nisiyelala ni mimi, na akipotea nitakayeulizwa na mama yake ni mimi. La tatu ni kazi. Mwanafunzi akiniuliza afanye nini, nampa mbuzi akune nazi, hata akikuna vibaya. Aliyekuna nazi jikoni kwangu huwa anajua majina ya vyombo vyote kabla wenzake hawajamaliza somo la salamu.

Umeme ulipokatika kisiwa kizima Disemba 2009, tukakaa gizani hadi Machi, mwanafunzi aliyekuwa kwangu alikataa kuhamia hotelini penye jenereta. Alikuwa akichota maji kwa ndoo pamoja na wanangu na akilala barazani kwa joto. Huyo hadi leo huniita mama, na watoto wake huniita bibi. Msiwatafute wenyeji wenye nyumba nzuri. Tafuteni nyumba ambayo mama yupo.

BintiTanga

Shikamoo mama yangu, na ahsante sana. Maneno yako yamenirahisishia kazi, kwa sababu nilikuwa nikisita namna ya kulieleza suala la fedha.

Kule nilimpa mama fedha ya mwezi mkononi mwake, siku za mwanzo za mwezi, wala si kwa baba na wala si kwa mtoto wa nyumba, kwa sababu sufuria ni lake. Nilikuja kujua kwamba sehemu ya fedha ile aliitia katika natt, ambayo ni upatu wa wanawake wa mtaa, ule ule wetu wenye kijumbe na zamu. Na zamu yake ilipangwa iangukie karibu na Tabaski, wakati bei ya kondoo inapopanda na kila mtu anadaiwa na fundi cherehani. Mwanafunzi anayechelewesha malipo wiki mbili haoni uzito wake, lakini amemvunjia mama wa watu ahadi mbele ya wenzake. Ukipata dharura, mweleze kabla ya tarehe.

Zaidi ya malipo hayo yapo ya heshima. Mtoto akizaliwa katika ukoo, wiki moja baadaye hufanywa ngente, nasi tungeita akika, na mgeni anatarajiwa kufika na chochote, sabuni au kitenge. Idi ikifika, watoto huja kuomba sarafu kama wanavyofanya wa kwetu. Msiba ukitokea, unakwenda na wenzako wa nyumba na kukaa. Hakuna atakayekuambia kiasi. Muulize dada mkubwa wa nyumba pembeni, naye atakuelekeza bila kukupandishia.

Kwa kuwa tumefika kwenye fedha, mjue kwamba sarafu yao ni faranga ya CFA, iliyofungwa kwenye yuro kwa faranga 655.957, na kwamba sokoni fedha huhesabiwa kwa Kiwolofu katika mafungu ya faranga tano. Muuzaji akikuambia téeméer, ambayo ni mia moja, anataka faranga 500. Akisema junni, ambayo ni elfu, anataka faranga 5,000. Wazee wetu waliohesabu kwa dala la shilingi tano wangeuelewa mpango huo upesi. Mgeni anayetoa faranga mia moja huku akisisitiza kwamba ndiyo bei aliyotajiwa hugombana na watu bila sababu.

Tukuyu2001

Dada, habari za kazi. Mimi ni Mlutheri kutoka Rungwe, na nimepata nafasi ya kwenda Dakar muhula ujao. Nimesoma kwamba Senegali ni nchi ya Waislamu kwa sehemu kubwa sana. Wewe umeeleza kila kitu kwa jicho la mtu wa Tanga. Je, mtu kama mimi atakaa vipi katika familia ya Kiislamu, hasa mwezi wa Ramadhani? Au nitafute familia ya Kikristo?

BintiTanga

Mdogo wangu, umefanya vizuri kuuliza, na unaweza kuchagua lolote kati ya hayo mawili. Familia za Kikristo zipo, wengi wao wakiwa Wakatoliki wa Kiserere na Kidiola, na wakati wa Pentekoste huenda kuhiji Popenguine, kusini mwa Dakar kando ya bahari. Lakini ningependa usiiogope familia ya Kiislamu.

Rais wao wa kwanza, Senghor, alikuwa Mkatoliki aliyeongoza nchi ya Waislamu kwa miaka ishirini, kuanzia 1960 hadi 1980, na zipo koo nyingi ambazo ndani yake mjomba ni padri na shangazi amehiji Makka. Kwenye Ijumaa Kuu, Wakristo hutengeneza ngalax, uji mzito wa chembe za mtama, siagi ya karanga na unga wa ubuyu, kisha hupeleka mabakuli kwa majirani Waislamu. Na Idi ya kuchinja ikifika, nyama hurudi upande wa pili. Niliona mama wa nyumba yetu akiwa na orodha ya nyumba za Kikristo za kupelekewa nyama, akaisimamia mwenyewe mpaka bakuli la mwisho lilipotoka, na alikasirika sana mmoja aliposahauliwa kwa muda.

Ramadhani hutalazimishwa kufunga. Utaachiwa chakula cha mchana, ila utakula kwa staha, si uani mbele ya waliofunga. Magharibi usikose ndogou, yaani futari: tende, mkate wenye siagi au nyama, na kahawa ya Touba inayotiwa kiungo cha pilipili ya porini. Asubuhi ya Idi ndogo utasikia watu wakiombana msamaha, mkubwa kwa mdogo, mume kwa mke, bosi kwa mfanyakazi, kwa maneno yaliyopangwa ambayo kila mtu anayajua. Yajifunze mapema, kwa sababu utaombwa msamaha hata na mtu ambaye hujawahi kukosana naye, na utatakiwa kumjibu.

Utakutana pia na tarika, yaani jumuiya za Kisufi za Waislamu, ambazo kule ni nguzo ya maisha ya kila siku. Kubwa ni Tijaniyya na Muridiyya, na Qadiriyya inayojulikana na kwetu nayo ipo. Familia ikiwa ya Wamuridi, itakualika Touba kwenye Magal, tarehe 18 ya mwezi wa Safar, wanapokumbuka jinsi Wafaransa walivyompeleka Sheikh Amadou Bamba, mwanzilishi wa tarika yao, uhamishoni Gabon mwaka 1895. Ukienda, vaa kwa staha, na ujue kwamba sigara na pombe haviruhusiwi ndani ya mji huo. Utalishwa na watu usiowajua kuanzia asubuhi hadi usiku. Mlutheri wa Rungwe ana haki ya kukataa mwaliko huo, lakini akienda atajifunza mengi juu ya Senegali kuliko muhula mzima wa mihadhara.

Mzee wa Kigoma

Nimeridhika, binti. Swali la mwisho: uliagana nao vipi? Nauliza kwa sababu wapo vijana wanaolelewa na watu kisha wanaondoka moja kwa moja.

BintiTanga

Mzee wangu, ni swali zuri na wengi hawalifikirii mpaka wafunge mizigo. Niliwajulisha tarehe mwezi mzima kabla, ili mama asishtukizwe katika hesabu zake. Zawadi nilimletea kanga na karafuu nilizoagizia nyumbani, na baba kofia ya mkono ya Zanzibar. Asubuhi ya safari kila mmoja alinipa mkono wa kushoto. Siku nyingine zote huo ni utovu wa adabu, kwa sababu mkono wa kushoto hauli wala hausalimii. Lakini anayesafiri mbali hupewa huo makusudi, ili kosa libaki kati yenu na mlazimike kukutana tena kulirekebisha. Tangu hapo nawapigia simu kila Ijumaa baada ya swala, na mwenye kuuliza habari za watu wa nyumba mmoja mmoja, kwa majina, huyo kwao hajaondoka.

Tukuyu2001

Nashukuru sana. Basi nianze na Kiwolofu leo. Nianzie wapi, ikiwa Rungwe hakuna mwalimu?

BintiTanga

Anza na kusoma maandishi yao, kwa sababu utayakuta kwa tahajia mbili. Mabango na menyu nyingi huandika kwa mazoea ya Kifaransa, na tahajia rasmi ni nyingine; chakula kile kile utakiona thiéboudienne hapa na ceebu jën pale. Katika tahajia rasmi, c soma ch yetu, ñ soma ny, na x soma kh ya neno kheri. Irabu zikiandikwa mbili zivute. Ukishika hayo, mdomo wa Mswahili haupati taabu kubwa.

Kisha jifunze salamu zote, si moja, pamoja na kuulizia watu wa nyumba, kwa sababu salamu kule huenda kwa mzunguko na anayeikatisha huonekana ana hasira. Siku za juma utazikuta nusu unazijua: Alxames ni Alhamisi na Àjjuma ni Ijumaa. Utafurahi kukuta àdduna ni dunia, barke ni baraka na sarax ni sadaka, kwa kuwa wao na sisi tulikopa Kiarabu kule kule. Hesabu zao hukomea tano kisha huanza upya, sita ikiwa tano na moja, saba ikiwa tano na mbili, kwa hiyo zifanyie mazoezi ya kutosha kabla ya kwenda sokoni. Sarufi ina jambo moja litakalokuchelewesha: nafsi na wakati hubebwa mara nyingi na neno lililo nje ya kitenzi, tofauti na sisi tunaovibandika mwanzoni mwake. Usilipiganie peke yako Rungwe. Lishike kwa mifano, na likubaliane nawe mkekani.

Ukishapata tarehe ya safari niandikie faraghani, nitakuunganisha na mwanafunzi aliyeko Dakar sasa hivi ili akutafutie nyumba kupitia chuo, na nitakutumia orodha ya salamu na maneno ya jikoni niliyoyaandika kwa tahajia zote mbili.